Kanga na Taka za Mlangoni

Mnanisikia, wanangu?

Tunakusikia!

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Basi anayetafuna amalize, na anayesinzia akae wima.

Hapo zamani za kale, wanyama waliishi pamoja katika kijiji kimoja kando ya chemchemi. Wote walikunywa maji yale yale. Kwa hiyo Jumbe Pofu, yule swala mkubwa, mkuu wao, akaweka sheria. Takataka zote zipelekwe ng'ambo ya kilima, kwenye shimo alilochimba Mhanga, fundi wa kuchimba, zifukiwe kwa udongo. Ni marufuku kutupa kitu karibu na chemchemi. Na atakayekutwa na taka mlangoni mwake, atahama kijiji.

Sheria ilikuwa nzuri. Lakini shimo lilikuwa mbali, na katika kijiji kile alikuwapo Kanga.

Kanga alikuwa mjane. Mumewe alinaswa na mtego wakati mayai yao ya kwanza ndiyo kwanza yametagwa. Akamwachia ghala dogo la mtama na kiota kimoja chini ya kichaka. Kanga akayalalia mayai yale peke yake. Akitoka kunywa maji, anarudi mbio. Akiyagusa akayakuta yana joto, moyo unatulia. Sasa kwenda mpaka shimoni na kurudi, angewezaje? Mayai yangepoa, yangekufa.

Makapi ya mtama yakaongezeka mlangoni. Manyoya yakaongezeka. Mvua ikanyesha, yakaloa, yakaoza, yakanuka. Nzi wakaja.

Akapita Ngiri. Kanga akamwimbia kwa sauti ya chini, asiyatikise mayai:

"Kaka Ngiri, nibebee taka,
mimi nalalia mayai!"

Ngiri akasema, "Sheria ni sheria, dada. Kila mtu na taka zake." Akaenda zake, mkia juu.

Akapita Nungunungu. Kanga akaimba:

"Mama Nungu, nibebee taka,
mimi nalalia mayai!"

Nungunungu akasema, "Mwanangu, miiba hii yenyewe ni mzigo. Nikiongeza mwingine nitaanguka." Akaenda zake.

Akapita Pimbi, jirani wa mlango kwa mlango, na mtoto wake mgongoni. Kanga akaimba:

"Shoga Pimbi, nibebee taka,
mimi nalalia mayai!"

Pimbi akasema, "Si unaona mwenyewe nina mtoto? Nitakuja kesho, shoga." Kesho ikaja, Pimbi hakuja.

Ndipo akatokea Mbweha, anatabasamu.

"Dada Kanga, unalia nini? Nipe taka zako nikutupie. Malipo yangu konzi moja ya mtama."

Kanga akafuta machozi. "Utazipeleka shimoni?"

"Wewe tulia na wanao. Mambo ya shimo niachie mimi."

Akazibeba. Kanga hajamaliza kuyageuza mayai, Mbweha karudi! Udongo wa kule shimoni ulikuwa mwekundu, na miguu ya Mbweha ilijaa tope jeusi, tope la chemchemi. Kanga aliliona. Lakini mlango ulikuwa safi, na mayai yalikuwa na joto chini yake. Akanyamaza.

Mbweha akaja mara ya pili. Kanga akaliona tope, akanyamaza. Akaja mara ya tatu. Safari hii Kanga hakutazama kabisa miguu yake.

Asubuhi moja akasikia kilio nyumba ya pili. Alikuwa Pimbi.

"Mwanangu! Amekunywa maji ya chemchemi, anatapika tu! Maji yananuka, na Jumbe ameita baraza, hakuna anayejua ni nani aliyeyachafua!"

Kanga akayatazama mayai yake. Kisha akaita, "Shoga, ingia ndani."

Akamweleza yote, hata lile tope. Pimbi akamkazia macho mpaka Kanga akainamisha kichwa.

"Nenda barazani ukaseme," Pimbi akasema mwishowe.

"Na mayai?"

Pimbi akamtazama mtoto wake, akayatazama mayai. "Uliniita, nikasema kesho. Leo nitayalalia mimi."

"Huna mabawa, shoga."

"Nina manyoya."

Akamlaza mtoto ubavuni, akajikunja juu ya mayai polepole. Kanga akatoka mbio.

Barazani Kanga akasema, "Taka zilizo kwenye maji ni zangu. Nilimpa Mbweha. Nilijua anazitupa wapi, nikanyamaza."

Mbweha akacheka. "Mjane huyu ana njaa, anaota mchana."

Nungunungu akasema, "Hata mimi alinibebea." Ngiri akatazama chini. "Na mimi." Mmoja mmoja wakasema, mpaka Mbweha akaacha kucheka.

Jumbe Pofu akauliza, "Nani kati yenu alimfuata kuona anazitupa wapi? Na mimi niliyeweka sheria, sikuuliza anayelalia mayai atafikaje shimoni."

Siku ile wote wakaingia kwenye chemchemi kuzoa uchafu, Mbweha mbele. Akabeba mpaka shimoni, safari baada ya safari, na Mhanga akisimama kuhakikisha anafukia. Na Jumbe akaongeza sheria: mzazi, mgonjwa na mzee, taka zao zibebwe na majirani kwa zamu.

Kanga akarudi nyumbani akihema. Akamkuta Pimbi hajasogea hata kidogo, macho yamemtoka.

"Shoga," Pimbi akanong'ona, "kuna kitu kinanidonoa tumboni."

Kanga akainama. Kichwa kidogo chenye unyevu kilikuwa kimejitokeza kwenye manyoya ya Pimbi. Kisha kingine, na kingine. Kanga akalia, Pimbi akalia, na mtoto mgonjwa akafumbua macho, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Maji yalipotakata akanywa, akapona.

Basi wanangu, hadithi hii inatufundisha kwamba taka ukimpa mwingine bila kujali anazipeleka wapi, bado ni zako. Na jirani anayeshindwa kutii sheria, kabla hujamlaumu, tazama kwanza amelalia nini.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.