Akina Mama wa Bethlehemu Tuliowaruka

Kaeni, wapendwa. Kwaya nanyi kaeni, wimbo utasubiri. Nimeamka na hasira leo, siku ya Krismasi, na sitaificha nyuma ya kanzu hii. Nisikilizeni kwanza.

Palikuwa na mama mmoja katika usharika wa kule milimani, kwenye chai na viazi. Aliitwa Mama Bupe, kwa jina la binti yake, na hakuwa na mtoto mwingine. Mwisho wa Novemba Bupe akashikwa na uchungu. Alijifungua salama mtoto wa kike kwenye zahanati ya kijiji, lakini damu haikukatika. Kabla gari la kumpeleka hospitali ya wilaya halijafika, Bupe alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake alirudi nyumbani na kichanga mikononi na maziwa ya kopo.

Mnajua tulivyo hodari kwenye misiba. Siku tatu watu walijaa uani. Huyu akasema, usilie mama, Mungu amempenda zaidi. Yule akasema, Bwana amechuma ua lake. Nawauliza ninyi mnaopenda maneno hayo: nani aliwaambia kwamba mbinguni kuna upungufu wa wasichana, hata Mungu aje kumnyang'anya mtoto mchanga titi la mama yake? Mlisoma wapi? Siku ya nne wakakunja mikeka yao, wakaenda. Jumapili iliyofuata Mama Bupe alikuja kanisani, akalia katikati ya ibada. Watu wakageuka kumtazama kama vile amemwaga kitu sakafuni.

Sasa, usharika ule ulikuwa na igizo la Krismasi kila mwaka. Mwaka ule kichanga kilikuwa kimoja tu, mjukuu wa Mama Bupe. Jumatano moja mchana, mvua ikinyesha, mwenyekiti wa wanawake akaenda kwake na wenzake wawili. Mwenyekiti huyo aliitwa Mama Lusubilo. Walimkuta akichemsha maji ya chupa ya mtoto. Wakampa kilo ya sukari, wakaomba sala fupi.

Mama Lusubilo akasema, "Mama Bupe, tuna ombi. Tunataka mjukuu wako awe mtoto Yesu siku ya igizo."

"Huyu ni wa kike."

"Akishafungwa kanga nani ataona?"

Mama Bupe akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Sawa. Nitamleta."

"Usisumbuke. Tutakuja kumchukua wenyewe. Wewe upumzike."

"Sijachoka."

Wale wengine wawili wakatazama moto. Mama Lusubilo akashusha sauti. "Mwenzangu, usinielewe vibaya. Watu watatoka mbali, wengine mjini kabisa. Wanakuja kufurahi. Ukikaa pale na nguo hiyo nyeusi, ukalia kama Jumapili ile, utawaharibia sikukuu."

Mmesikia? Mtoto walimtaka. Msiba uliomleta mtoto hawakuutaka.

Mama Bupe hakugomba. Aliepua sufuria, akauliza, "Katika hilo igizo, nani atakuwa wale akina mama wa Bethlehemu? Wale ambao Herode aliwaulia watoto wao?"

"Sehemu hiyo hatuiigizi. Mchungaji ametuambia tuishie kwa mamajusi."

"Kumbe," akasema Mama Bupe. "Basi mmeniruka mara mbili. Mtoto hamtampata."

Wakaondoka wamenuna. Njiani wakasema amekuwa na kiburi. Mfiwa akinyamaza ni mwenye imani, akiuliza swali ana kiburi. Ndivyo tulivyo.

Siku ya Krismasi ikafika. Kanisa limejaa hadi madirishani. Katika hori wameweka mwanasesere aliyefungwa kitenge, na binti wa mwinjilisti amepiga magoti kama Mariamu. Mamajusi wanasogea na zawadi zao. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Bupe amevaa nguo yake nyeusi, kichanga kifuani.

Mzee wa kanisa akamshika mkono. "Mama, kaa hapa nyuma. Ukizidiwa, utoke kimya kimya."

Akautoa mkono wake. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele. Akamtoa yule mwanasesere, akamlaza mjukuu wake kwenye majani, akatandika upande wa kanga sakafuni, akakaa kando ya hori. Kisha akalia. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu aliyechelewa sana kupata mahali pa kulilia.

Mnajua tulifanya nini? Kiongozi wa kwaya alimpa ishara mpiga kinanda aongeze sauti. Kwaya ikaimba kwa nguvu zote, wimbo wa furaha, waumini nao wakapiga makofi. Ni kanisa gani hilo, linalomwimbia mtu ili lisimsikie?

Ndipo Mama Lusubilo akasimama. Kila mtu alijua anakwenda kumtoa, na wengi walimshukuru moyoni. Akafika, akainama, akamshika bega. Halafu akakaa sakafuni kwa kishindo. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Kanisa zima likasikia aliyoyasema.

"Wangu aliishi siku nne."

Mama Bupe akainua uso.

"Miaka kumi na tisa sasa. Nilimzika Jumamosi, Jumapili nikasimama kwenye kwaya nikaimba. Wakanisifu kwamba nina imani. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nikae."

Mama Bupe akasogea, akamwachia nusu ya kanga. "Kaa, mama. Kaa hapa."

Lusubilo, ninyi mnaojua Kinyakyusa, ni tumaini. Ndilo jina la mtoto wake wa siku nne. Miaka kumi na tisa watu walimwita hivyo sokoni, shambani, kanisani, na hakuna aliyewahi kumuuliza, Mama Lusubilo, Lusubilo mwenyewe yuko wapi?

Basi watu wakaanza kutoka kwenye mabenchi. Baba aliyefiwa na mke mwezi wa tano. Mjane. Wazee wawili ambao mwana wao aliondoka na hajulikani aliko. Walikwenda mbele wakakaa chini, bila kuitwa. Walilia, wakatulia, wengine wakalia tena, na hakuna aliyeharakishwa. Mtoto alipoamka na njaa, Mama Lusubilo ndiye aliyemshikia chupa. Nimeongoza ibada miaka mingi, na sijaona amani kama ile. Mama Bupe aliondoka pale bado amefiwa, lakini hakuondoka peke yake. Wanawake walimsindikiza hadi nyumbani, wakaanza kupokezana zamu za mtoto, na zamu hizo hazikuisha siku ya nne.

Na mchungaji? Mchungaji alibaki amesimama madhabahuni, ameshika ratiba ya ibada, hajui aweke wapi macho. Yeye ndiye aliyefuta akina mama wa Bethlehemu kwenye igizo. Alisema watatia huzuni.

Mchungaji huyo ni mimi.

Kwa hiyo mkiona nina hasira, jueni nimeanza na mimi mwenyewe. Sisi tumeifanya Krismasi kuwa sherehe ya watu ambao mambo yao yamewanyookea. Tumeweka mlinzi mlangoni na kumwambia mwenye machozi, subiri Januari. Lakini Yesu alizaliwa wapi, ndugu zangu? Alizaliwa nchi ilipokuwa mikononi mwa mwuaji. Wazazi wake walimkimbiza hajajua hata kutembea, na nyuma yake mji mzima ulilia. Mungu aliyaona hayo yote, na bado akaja. Hakusubiri tufute machozi kwanza ndipo atutembelee.

Hilo ndilo tumaini letu, na sina lingine. Kwamba aliyelala katika hori lile alikwenda mpaka kaburini na kutoka humo, na atamwita Bupe kwa jina lake, na yule wa siku nne pia atamwita. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Ila ufufuo si kitambaa cha kumziba mfiwa mdomo. Anayeamini kweli kwamba wafu watafufuka hawezi kuogopa kukaa na anayewalilia.

Sasa nawauliza la mwisho. Yule baba wa pale karibu na josho la ng'ombe, aliyemzika mwanawe wiki tatu zilizopita, yuko wapi leo? Angalieni benchi lake. Nani alimshauri apumzike nyumbani? Sitaki jina, aliyesema anajijua, na sisi wengine tulikubali kwa kunyamaza.

Mzee wa zamu, fungua milango yote miwili. Hapa sitatoa baraka. Baraka ya leo nitaitolea uani kwa yule baba, akitukubalia. Tukifika, mtu asimwambie kwamba Mungu amempenda zaidi. Tutakaa naye. Vijana, bebeni mabenchi, twendeni.