Mbodze na Bakuli la Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Niwape nisiwape?

Tupe, tupokee!

Na msipoelewa?

Tutauliza!

Basi hapo kale palikuwa na kijiji chini ya kilima, na watu wake walipenda hadithi kuliko chakula. Hadithi ikisimuliwa jioni, kesho yake watoto waliirudisha kwenye kinu, huku wakitwanga mahindi. Kuirudisha ni kuisema upya, neno kwa neno. Asiyeangusha neno alisifiwa. Aliyesema, "Nirudie, sijaelewa," alichekwa mpaka akatamani ardhi immeze.

Katika kijiji hicho aliishi msichana aitwaye Mbodze. Mbodze hakuwahi kuangusha neno. Wala hakuwahi kuuliza swali.

Maji ya kijiji yalitoka chemchemi iliyo juu ya kilima. Mwaka mmoja likaja zimwi, likakaa kando ya chemchemi hiyo. Kila aliyekwenda kuchota lilimzuia, likamsimulia hadithi, kisha likamuuliza swali moja. Akijibu vyema, achote aende zake. Akishindwa, lilimmeza mzima mzima. Na hakuna aliyejibu vyema.

Siku moja mama yake Mbodze alishikwa na homa. Chengo, mdogo wake Mbodze, akachukua kibuyu akapanda kilima bila kuaga. Jua likapanda, jua likashuka, Chengo hakurudi.

Mbodze akajifunga kanga kiunoni.

"Usiende, mwanangu," mama akasema kutoka kitandani. "Nimebaki na wewe tu."

"Mama, mdogo wangu yuko huko."

"Na zimwi liko huko."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana naenda."

Akapanda. Akalikuta zimwi limeketi juu ya jiwe, nywele zimelifunika mpaka magotini, tumbo kama ghala.

"Shikamoo, babu," Mbodze akasema, maana alikuwa amelelewa.

Zimwi likashtuka. Hakuna aliyewahi kuliamkia. "Marahaba. Umekuja kunywa au kumezwa?"

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

"Dada!" Sauti ya Chengo ikatoka tumboni. "Dada, niko humu! Kuna giza!"

"Sikiliza kwanza," zimwi likasema. Likasimulia:

"Palikuwa na mume na mke na mtoto wao. Mtoto akafuata ndege msituni, akapotea. Tangu hapo, kila jioni mke alipakua chakula katika mabakuli matatu. Mume akasema, 'Mke wangu, tuko wawili.' Mke hakujibu. Bakuli la tatu akaliweka mlangoni, akalifunika kawa ya ukindu, likalala hapo. Asubuhi akalifunua, akawamwagia kuku. Alifanya hivyo kila siku mpaka alipokufa. Sasa niambie: bakuli la tatu lilikuwa la nani?"

Mbodze alikuwa ameyashika maneno yote. Angeweza kuyarudisha bila kuangusha hata moja. Akafungua kinywa aseme, "La kuku."

"Mimi nililirudishia yote!" mtu akafoka tumboni. Alikuwa mzee Karisa, bingwa wa kurudisha hadithi pale kijijini. "Yote, neno kwa neno! Halafu nikajibu, la kuku. Likanimeza hivi hivi!"

Mbodze akafunga kinywa. Akakumbuka hadithi zote alizozirudisha kwenye kinu, akaona kwamba hakuna hata moja aliyoielewa. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Babu," akasema, "nirudie. Sijaelewa."

Tumboni kukalipuka kicheko. "Mbodze anaomba kurudiwa! Mbodze, aibu yako!"

"Nyinyi mliomo tumboni ndio mnanicheka?" Mbodze akauliza. Wakanyamaza.

Zimwi likarudia. Safari hii Mbodze hakuyashika maneno. Aliwatazama watu: ni nani na nani? Mume yumo, mke yumo. Na mtoto? Alipotea, lakini hadithi haikusema amekufa.

"Nirudie tena, babu."

Zimwi likarudia. Mbodze akatazama mahali na wakati. Bakuli liliwekwa wapi? Mlangoni, si bandani. Liliwekwa lini? Jioni, na jioni kuku wamelala.

"Nirudie mara ya mwisho, babu. Tafadhali."

Zimwi likarudia, na safari hii sauti yake ilikwaruza. Mbodze akajiuliza, kwa nini? Kwa nini mke alifanya alichokifanya? Hadithi haikusema. Basi akatafuta katika yale iliyoyasema.

"Chakula cha kuku hakifunikwi kawa," akasema polepole. "Kinachofunikwa ni chakula cha mtu ambaye bado hajafika."

Zimwi halikutikisika.

"Kuku walipewa asubuhi, kwa sababu mwenyewe hakuja usiku. Bakuli la tatu lilikuwa la mtoto. Mama alikuwa anamngoja."

"Lakini kuku walikula!" zimwi likanguruma mpaka mawe yakaporomoka. "Niliwaona! Walikula!"

Mbodze hakukimbia. Lilikuwa limebaki swali moja, na hilo alikuwa nalo yeye.

"Babu, anayesimulia hadithi hii alikuwa amesimama wapi?"

Zimwi likageuza uso.

"Nyuma ya ua," zimwi likasema. "Nilikuwa nimekwisha kuota nywele hizi na kucha hizi huko msituni. Niliona aibu kubisha. Kila asubuhi nikawaona kuku wakila. Nikasema, basi, nafasi yangu wamepewa kuku. Mama alipokufa, nikaondoka."

"Kuku wa asubuhi uliwaona, babu. Bakuli la jioni ulilisimulia tu, hukujiuliza liliwekewa nani."

Zimwi likaufunika uso kwa mikono yake mikubwa. Likalia kama mtoto anavyolia, kwa kwikwi. Na kila kwikwi ilipolishika, kinywa kilifunguka na mtu akatoka: wanawake na ndoo zao, mzee Karisa bila kofia yake, na mwishoni Chengo, amekumbatia kibuyu. Mbodze akamvuta kwake, akamshika kwa nguvu.

"Mama yangu amekwisha kufa," zimwi likasema.

"Ndiyo, babu."

"Nikienda sasa, sitamkuta."

"Hutamkuta," Mbodze akasema. Hakutaka kulidanganya. "Lakini sasa unajua alikungoja."

Zimwi likainuka. Likapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, likashuka upande wa pili wa kilima, ule unaoelekea nyika tupu. Halikuonekana tena. Hakuna aliyecheka.

Mbodze akachota maji, Chengo akabeba kibuyu. Njiani Chengo akauliza, "Dada, huko kwao zimwi kumebaki mtu?"

"Hadithi haikusema."

"Wewe unadhani?"

Mbodze akasimama. Akafikiri sana, jinsi ambavyo hakuwahi kufikiri kwenye kinu.

"Nadhani hakuna," akasema. "Nadhani linajua hivyo, na linakwenda tu."

Wakashuka, wakampa mama maji.

Hadithi yangu imetua hapo, siisogezi mbele. Funzo lake ni hili, wanangu: kuyashika maneno ya hadithi bado si kuielewa. Tazama ni nani, tazama ni wapi, uliza ni kwa nini. Na usipoelewa, omba urudiwe, hata wakikucheka.