Jina la Kishosha na Cheni Tatu

Hapo zamani, baiskeli zilipokuwa zikikatiwa leseni na kufungwa kibati cha namba, alifariki mzee mmoja katika kijiji cha Isanga, nchi ya Unyamwezi. Jina lake Kishosha. Alizikwa siku ileile, lakini jina lake halikuzikwa naye. Katika ukoo ule jina la mkubwa lilibaki bila mwenyewe mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mjane alisimama penye kaburi akalitaja juu ya mjukuu mmoja aliyemchagua mwenyewe, na mjukuu huyo akawa ndiye Kishosha. Ndiye aliyeulizwa neno la ukoo, ndiye aliyewapatanisha waliogombana. Kinywa cha mjane tu ndicho kilichoweza kulitaja, tena jua likiwa bado linaonekana. Likizama kabla, jina limekufa, na hakuna mtoto atakayeitwa hivyo tena.

Mjane wa Kishosha aliitwa Kalunde binti Lusangija. Msiba ulimkuta Ng'wande, ng'ambo ya pori, alikokwenda kumwuguza binti yake, na huko naye akateguka nyonga asiweze kutembea. Siku ya kumaliza matanga ilipofika, wajukuu watatu, ambao mmoja wao ndiye angeitwa Kishosha, walitumwa wakamlete, kila mmoja na baiskeli yake.

Wa kwanza alikuwa Luhende, karani wa ghala la tumbaku. Baiskeli yake ilikuwa mpya, ya gia, na cheni yake nyembamba iling'aa kama mkufu wa bibi harusi.

Wa pili alikuwa Mayunga, mkulima. Baiskeli yake aliachiwa na marehemu baba yake pamoja na cheni yake, pana, nzito, nyeusi kwa mafuta ya mbarika. Haikuwa imekatika hata siku moja, ila ilikuwa imelegea kwa uzee, ikawa inaruka meno.

Wa tatu alikuwa Ndaki, ambaye hakuwa na kazi ya kutajika. Cheni yake aliiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli zilizokufa.

"Cheni ya Ndaki ni kama mboga ya msibani," alisema Luhende. "Kila nyumba imetia chake."

"Na yako ni kama karani," Ndaki akamjibu. "Nzuri kuitazama, usiipe mzigo."

Walifika Ng'wande jua limekwisha kupanda sana, kwa sababu cheni ya Ndaki ilikatika njiani mara mbili, na mara mbili walimngoja aiunge. Bibi Kalunde alikuwa amekaa kizingitini, kanga mpya mabegani, na pembeni yake jiwe lake la kusagia.

"Waume zangu watatu," alisema, "na wote mmechelewa. Mume mmoja marehemu alikuwa na adabu kuliko ninyi wote."

"Mke wangu, panda twende," Luhende akasema. "Lakini hilo jiwe la nini?"

"Niliingia kwa Kishosha na jiwe hili kichwani. Siendi kumuaga bila hilo."

"Bibi, liache," alisema Ndaki. "Litakuja siku nyingine."

"Kuna siku nyingine ya kumuaga mume?"

Luhende akacheka. "Cheni hii ni mpya, Bibi. Inavuta wewe, jiwe, na maneno yako yote."

Basi Bibi Kalunde akapanda keria ya Luhende, jiwe likafungwa mbele kwenye usukani. Wakaondoka. Cheni ya Luhende ilinong'ona tu, miti ikawa inarudi nyuma, na wale wawili wakaachwa mbali kwenye vumbi. Jua lilikuwa bado liko juu, na zaidi ya nusu ya njia ilikuwa imekwisha. Bibi Kalunde akasema moyoni: Jina ni la Luhende.

Walipoanza kupanda mlima wa Kasela, Luhende akasimama juu ya pedeli, akakanyaga kwa nguvu. Ikasikika *tak!* Cheni ikakatika, ikaanguka mchangani kama nyoka aliyepigwa.

Wakangoja. Ndaki na Mayunga walipofika, Ndaki akaiokota, akaipima kwa kidole.

"Una kifungio cha akiba?" akauliza. Kifungio ni kile kipande kidogo kinachoshika ncha mbili za cheni.

"Cheni mpya haina haja ya akiba," alisema Luhende.

"Nami ninacho kimoja tu, hiki kilicho kwenye cheni yangu. Ni kipana. Kwenye yako hakiingii."

"Basi mpakie kwako."

"Kwangu asipande," Ndaki akasema. "Yangu naijua."

Bibi Kalunde akapanda keria ya Mayunga. Jiwe akalichukua Luhende begani, akawa anakimbia nyuma kwa miguu huku akiisukuma keria kwa mkono wa pili. Yake aliiacha pale njiani, na Ndaki akaikokota huku akiendesha ya kwake.

Cheni ya Mayunga ilisema *kra-kra*, lakini mlima iliupanda. Luhende alitweta, Mayunga hakutweta. Bibi Kalunde akatazama ule mgongo mpana mbele yake, akasema moyoni: Nilikosea. Jina ni la Mayunga.

Wakashuka mlima, wakaingia pori la Ilomelo. Hapo cheni ya Mayunga ikaruka. Akairudisha. Ikaruka tena. Akairudisha, vidole vikatoka damu. Ikaruka mara ya tatu, ikabanwa kati ya meno na chuma, pedeli zikakataa. Vivuli vya miti vilikuwa vimeanza kurefuka.

"Nilikwambia jana," alisema Ndaki alipowafikia. "Nilikwambia tuitoe pingili mbili ikaze."

"Ni cheni ya baba yangu. Siikati."

"Baba yako alikufa na jina lake limekaa kwako. Babu yako je, lake life leo?"

Mayunga akamwachia baiskeli, akageuza uso. Ndaki akatoa msumari, akaomba lile jiwe la kusagia, akagonga pini mpaka zikatoka, akaondoa pingili mbili. Lakini kifungio cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Kilipoguswa kikavunjika vipande viwili.

Ndaki akaendea baiskeli yake, akafungua cheni yake, akatoa kifungio chake kile kimoja, akakitia kwenye cheni ya Mayunga. Ya kwake ikaanguka chini.

"Haya, nendeni."

"Na wewe, mume wangu?" akauliza Bibi Kalunde.

"Nitazilinda hizi mbili mpaka mtu arudi."

"Pori hili lina fisi."

"Wakija nitawaambia mimi ni mume wako. Watanihurumia."

Bibi Kalunde alicheka akitokwa na machozi. Walipopinda njia alimwona bado amesimama kati ya baiskeli mbili zilizokufa, akasema moyoni: Jina ni la Ndaki. Lakini mgongo wa Mayunga ulikuwa mbele yake, ukifanya kazi. Na nyuma yake Luhende alikuwa akikohoa kwa kukimbia, jiwe begani, mkono haujaacha keria. Akasema moyoni: Sijui.

Cheni haikuruka tena. Walifika Isanga jua limeshuka karibu na vilele vya miti. Watu walisimama. Mzee Igulu, mdogo wake marehemu, akampokea.

"Shemeji, umefika. Wajukuu walikuwa watatu, naona wawili."

"Ndaki yuko Ilomelo."

"Haidhuru. Jina humfikia hata aliye mbali, likishatoka kinywani mwako. Ila jua halingoji. Wasemao na waseme."

Luhende akaweka jiwe chini. Bega lake lilikuwa limechunika.

"Bibi, muda tuliopoteza asubuhi ni mimi niliyeurudisha. Bila cheni yangu, sasa hivi mngekuwa bado mlimani Kasela. Ilikatika, kweli. Lakini ilikatika chini ya jiwe lako, na jiwe hilo ndilo nililolibeba."

"Ndaki alisema liachwe," alisema Mayunga, "ukajisifu. Bibi, mimi sina maneno mengi. Cheni ya mwenzangu ilikatika, yangu haikukatika. Aliyekufikisha hapa unamwona."

"Inayoishika cheni yako ni kifungio cha Ndaki!" Luhende akasema. "Ungekubali kuikaza jana, Ndaki angekuwa hapa na baiskeli yake."

"Na asubuhi tulimngoja nani? Si huyo Ndaki wako na cheni yake ya makombo? Tungefika Ng'wande mapema, hapangekuwa na haraka, na isingekatika cheni ya mtu."

"Angalau alijua cheni yake haifai, akasema."

"Anayejua cheni yake haifai, anakwenda nayo kumchukua mjane?"

Bibi Kalunde aliwatazama. Alitaka kusema kosa ni la jiwe, na jiwe ni lake. Lakini hakuitwa kutaja kosa, aliitwa kutaja jina. Kila alipomshika mmoja moyoni, mwingine alimvuta kanga. Aliyemkimbiza hakumfikisha. Aliyemfikisha hakufika kwa chake. Aliyetoa chake ndiye aliyewachelewesha wote.

"Shemeji," alisema Mzee Igulu polepole, "linagusa miti."

Mwanga ulikuwa mwekundu juu ya kaburi. Luhende alipiga goti upande wa kulia, Mayunga upande wa kushoto, na katikati yao palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja. Bibi Kalunde akajikaza kwenye fimbo yake, akasimama. Kipande cha jua kilichobaki kilikuwa chembamba kama ukucha. Akafungua kinywa.

Ninyi mnaosikiliza, msimwache asimame peke yake pale. Yuko aliyeokoa muda, yuko aliyemfikisha, na yuko porini aliyevunja cheni yake ili ya mwenzake ishike. Jua ndilo hilo linazama. Je, nani alistahili kuitwa Kishosha?