Kosa la Kobe kwenye Sanduku la Kiboko

Nifungue?
"Fungua!"
Nikifungua, mtafunga?
"Hatufungi!"

Basi kwanza niungame. Niliwahi kunakili kaswida ya Bi Rukaya Shambwe, nikafuta jina lake, nikaisoma maulidini kama yangu. Watu wakanisifu, nami nikanyamaza. Mungu anisamehe. Sasa sikilizeni.

Wanyama walitunga programu ya kucheza sataranji. Maandishi yake wakayaacha wazi: soma, chukua, rekebisha, ila majina ya watungaji yabaki, na ukiongeza kitu, waonyeshe wenzako. Kiboko akaichukua. Akafuta majina, akaifungia kwenye sanduku la chuma, akajilaza mbele ya bwawa.

"Mashine yangu hii! Atakayeishinda, anywe. Atakayeshindwa, ahame!"

Bwawa lilikuwa moja tu, na ukame ulishatimiza miezi mitano.

Akaja Digidigi. Tak, tak, tak. Akashindwa, akahama.

Akaja Ngiri. Tak, tak, tak. Akashindwa, akahama.

Akaja Kindi, mtoto mgongoni, midomo imewakauka wote wawili.

"Wewe mkia mtupu!" Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo. "Ngiri mwenyewe kahama!"

"Shikamoo, mzee. Naomba nijaribu."

Tak. Mashine ikala askari wake. Tak. Ikala farasi. Mtoto akanong'ona, "Mama, maji." Kindi akaisogeza ngome yake pembeni, peke yake, bila mlinzi.

"Hiyo unaitupa?"

"Mashine yako itaila, mzee. Tena kwa malkia."

"Umejuaje?"

Kindi akaonyesha ubao kwa mkia. Kiboko akainama kutazama. Hata nzi walitua.

Tak! Malkia akaila ngome. Mfalme akabaki bila wa kumkinga. Kindi akaruka na farasi wake wa pili. Tak!

"Mfalme wako hana pa kukimbilia."

"Mchawi wewe!"

"Sina uchawi, mzee. Kobe aliandika akisinzia: ukiona ngome ya bure, kula kwa malkia. Sisi tulisahihisha mwaka jana. Wewe ulikuwa umeshafunga sanduku."

Majanini Kobe akapaza sauti: "Ni kosa langu lile! Nalijua kama mwanangu!"

Kiboko akazama kwa aibu, bubububu. Mpaka leo hutoa macho na pua tu. Mtoto wa Kindi akanywa, akanywa, akalala. Digidigi na Ngiri wakaitwa warudi.

Nimefungua, sifungi, atakaye achukue.

Fundisho? Ukiiba, usiibe mara moja. Iba kila mwaka, upate na masahihisho.

Nami nina ombi. Ukipita kwa wajukuu wa Bi Rukaya, waambie kaswida ile ni ya bibi yao.