Almasi Nyeusi ya Sultani Ghadiri

Hapo zamani, visima vya mji mmoja vilikauka vyote, hata kile cha ndani ya jumba la sultani, likasalia tumaini moja tu: maji yaliyosikika yakivuma chini ya mwamba wa uwanjani. Mafundi wakaujaribu kwa tindo, tindo zikapinda. Wakaujaribu kwa sururu, sururu zikakatika. Basi watu wakaenda barazani, na msemaji wao alikuwa Hamduni, mkata asiye na kitu ila ulimi, na ulimi huo ulikwisha kumponza mara nyingi.

"Bwana wangu," akasema, "kilicho kigumu kuushinda mwamba ule ni almasi peke yake, na almasi ya nchi hii ni moja, nayo i kilembani mwako."

Sultani Ghadiri alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Akaipapasa almasi yake, kubwa kama yai la njiwa, akatabasamu. "Itwae. Lakini ukiirudisha, uzito wake usipungue hata chembe ya ufuta. Ikipungua, nawe nitakupunguza, kuanzia shingoni."

Wazee wa baraza wakaangua kicheko, kwani nani angethubutu? Hamduni akainama, akaipokea. Mlangoni sonara wa sultani akamshika mkono. "Maskini wee! Almasi ina njia ndani yake kama kuni. Ukiigonga mwambani ikapatikana njia ile, itapasuka."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akafika nyumbani jasho likimtoka, akamkuta mkewe, Bi Mize, akipasua kuni, akamweleza yote.

"Ole wangu!" akalia Bi Mize. "Mume kaenda kuomba maji, karudi na kifo!" Kwa hasira akapiga gogo, likapasuka pande mbili. Akapiga la pili, shoka likanasa.

"Hilo mbona halipasuki?" akauliza Hamduni.

"Huoni lina fundo? Nyuzi zake zimekwenda huku na huku, shoka litapitia wapi? Hata kuni huzijui!"

Hamduni akaruka kama mwana mbuzi, akambusu mkewe kipajini, akatoka mbio kwa mhunzi.

Wakaipasua almasi kwenye njia yake, kisha wakaviponda vipande ndani ya kinu kilichofunikwa, hata vikawa unga, huku mhunzi akisoma dua. Wakautia unga ule katika kopo la chuma pamoja na vumbi kidogo la chuma, wakaliweka chini ya shinikizo la kukamulia ufuta, ngamia akazungushwa, mivukuto ikavuma, moto ukawa mweupe. Ikawa chembe zimeng'ang'aniana, kila moja imeelekea kwake kama nyuzi za lile fundo, isiwepo tena njia ya kupasukia. Kikatoka kidonge cheusi, kibaya cha sura. Mhunzi akakigonga kwa nyundo, nyundo ikabonyea.

Basi wakakifunga kwenye ncha ya kekee ya kutobolea, wakazungusha, mwamba ukageuka unga, na maji yakaruka juu ya vichwa vya watu. Wake kwa waume wakapiga vigelegele.

Lakini sultani alipokiona kidonge, akapiga ukelele. "Almasi yangu i wapi? Hili ni kaa la jikoni! Mwiteni mwenye upanga!"

"Bwana wangu," akasema Hamduni, "hukusema ing'ae. Ulisema uzito wake usipungue. Mizani na ije."

Mizani ikaletwa, sonara akapima, akakohoa. "Imezidi, bwana wangu."

"Ni chuma kile," akasema Hamduni. "Nimekutunuku."

Wakati huo mtumishi akaleta bakuli la maji ya kisima kipya. Sultani, ambaye koo lake lilikuwa kavu kama la raia yeyote, akanywa, akaomba tena, akanywa. Kisha akacheka hata maji yakamtoka puani.

"Miaka yote imeng'aa kilembani mwangu," akasema, "wala haikunipa tone moja!" Akakichomeka kidonge cheusi kilembani, akauliza, "Hamduni, wataka nini?"

"Shoka, bwana wangu. La mke wangu lingali limenasa kwenye fundo."

Akapewa shoka, na nyumba karibu na kisima. Nami nilipita hapo nikanyweshwa, ndiyo maana hadithi hii imeteleza mpaka mwisho.