Jiwe Lililoondoka na Kiroba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika ugali kwenye majiko yao, Chifu Tembo alitangaza bei ya unga.

"Kiroba kimoja shilingi tano," alisema sokoni. "Atakayezidisha, nitamkalia."

Wanyama walishangilia. Mama Ngiri, muuza unga, hakushangilia.

"Mahindi na kusaga tu vinanila shilingi nane," alinung'unika. "Nikiuza tano, wanangu wale pumba?"

Basi kila asubuhi akawa anauza viroba viwili vitatu, ili asikaliwe tu, kisha anafunga mlango. "Unga umekwisha!"

Foleni ikawa ndefu, ikazunguka duka mpaka uani. Jua likiwa kali, kila mnyama aliweka jiwe mahali pake, akaenda kulala kivulini.

Mama Kobe alikuwa huko nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani. Wanawe walikuwa wamekula mchicha mtupu tangu juzi, na mtoto akila mchicha mtupu halali, wala hakuachi ulale. Jiwe hakutafuta. Alivuta kichwa na miguu ndani, fyu, akatulia.

Mara akasikia, puu, puu, puu.

Alikuwa Tembo, amejifunika khanga nne, mkonga unaning'inia nje. Akagonga mlango, ngo ngo ngo.

"Nani?" aliuliza Mama Ngiri.

"Mteja tu, shemeji."

Mama Ngiri akachungulia, akauona mkonga. "Mteja wa bei ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma. Sema taratibu."

"Ishirini."

"Ishirini? Juzi ilikuwa kumi na tano."

"Hatari imepanda, mteja wangu. Nikikamatwa, Chifu atanikalia."

Tembo akafungua pindo la khanga. Akalipa, akapokea kiroba, akakiweka juu ya jiwe ili ajifunge khanga vizuri.

Jiwe likaota miguu. Kwaru, kwaru, kwaru, likaondoka.

"We jiwe," alinong'ona Tembo. "Simama."

Jiwe halikusimama. Tembo akapiga hatua, akakanyaga khanga, akaanguka, puuu! Kivulini wote wakaamka. Alipoinuka, jiwe lilikuwa limeshafika mbele ya duka.

Mama Kobe akatoa kichwa. "Jamani, nimewekewa kiroba mgongoni. Mwenyewe aje akichukue. Aseme tu kakinunulia mlango gani, na kwa bei gani."

Wanyama wakatazama kiroba. Wakamtazama Tembo.

"Ni chako, Chifu?" aliuliza Nyani.

"Changu? Mimi napita tu."

"Na hizo khanga?"

"Jua kali."

"Basi hakina mwenyewe," alisema Mama Kobe. "Wanangu, tekeni maji, mbandike sufuria."

Kicheko kilichofuata kilimfukuza Tembo mpaka nyumbani kwake. Jioni akatuma mjumbe kusema kwamba ile bei ameifuta.

Kesho yake Mama Ngiri alifungua mlango wa mbele, kiroba shilingi kumi na mbili. Nungunungu alipoona hivyo akaleta unga wake, akauza kumi na moja. Mama Ngiri akamtukana, kisha akashusha hadi kumi. Kumi si kidogo, nami nanunua unga, najua. Lakini watoto walikula, na mawe ya foleni wakayafanya mafiga.

Bei nafuu haishibishi mtoto ikiwa unga wenyewe haupo.