Vuai na Amri ya Hodi Tatu

Hapo zamani, katika nchi ya Mwandamo, palikuwa na Sultani jina lake Himidi, naye alikuwa akipigana na nduguye wa tumbo moja kwa ajili ya kiti cha baba yao. Vita vikaingia mwaka wa pili, hazina ikawa tupu, na askari mia nne wakawa hawajapata mshahara kwa miezi tisa. Wakaanza kunong'ona, kisha wakasema kwa sauti, kisha wakaitupa mikuki yao uwanjani wakasema, "Anayeitaka na aiokote mwenyewe."

Basi Sultani akatoa amri: kila shamba lipigwe hodi mara tatu, na mwenye shamba asipoitikia kwa kinywa chake mwenyewe, atahesabiwa kuwa amekimbilia kwa adui. Shamba lake litatwaliwa, nao askari watagawiwa ardhi hiyo badala ya mshahara.

Katika nchi hiyo palikuwa na maskini mmoja, Vuai, aliyejulikana kwa mambo mawili, uvivu na ulimi. Alikuwa na kishamba cha muhogo, kidogo hata mbuzi akilala upande huu, mkia wake uko kwa jirani. Siku wapiga hodi walipofika, mkewe Mize akaitikia, "Karibuni!" Wakamwambia, "Hatukukuita wewe, mama. Tunamwita mwenyewe." Wakapiga ya pili, wakapiga ya tatu, kisha wakachomeka bendera, alama ya shamba lililotwaliwa. Na wakati wote huo Vuai alikuwa humo humo ndani ya muhogo, amelala chali, akisikia kila neno.

Mize akamwambia, "Mume wangu, watoto watatu hawa tutawalisha nini? Nenda kwa Sultani. Huo ulimi unaonitesa nao mimi kila siku, leo na utufae."

Basi Vuai akaenda, akapiga magoti barazani, akaeleza shida yake. Sultani akamwuliza, "Ulikuwa wapi ulipoitwa?"

"Shambani kwangu, bwana wangu."

"Mbona hukuitikia?"

"Mke wangu alinituma kuni tangu asubuhi, nami sikwenda. Nikawaza, nikiitikia, atajua nilipolala. Bwana wangu, nakuogopa sana, lakini wewe uko mbali, na Mize alikuwa hatua tatu."

Watu wote barazani wakacheka, isipokuwa waziri. Waziri akasema, "Amri haina udhuru. Wako waliokuwa wagonjwa, wako waliokuwa wakizika, na mashamba yao tumeyatwaa vilevile."

Sultani akafikiri kidogo, akasema, "Tatizo ni kwamba yote tuliyoyatwaa hayatoshi hata askari sitini. Sasa wewe, hodari wa kujificha, bila shaka unawajua wenzako. Nakupa siku saba, na askari wawili wawe mashahidi. Upige hodi kila shamba la nchi hii, usiruke hata moja, uniletee ardhi ya kuwatosha mia nne. Ukiweza, nitakurudishia chako. Usipoweza, nitakutanguliza mbele ya jeshi bila ngao."

"Bwana wangu," akasema Vuai, "mimi hata nikiwa nyuma ya jeshi, naliogopa hilo jeshi lenyewe."

Lakini amri ikawa ni amri. Akatoka na askari wake wawili, wakaanza kuzunguka. Loo! Kumbe habari zilikuwa zimetangulia, na hofu imewarudisha watu wote mashambani. Wengine walihamisha vitanda wakalala kati ya mtama. Bwana harusi mmoja aliozeshwa katikati ya mpunga wake, akakataa kutoka hata kwenda kuoga. Vuai alikuwa bado hajafungua kinywa, watu wanapiga kelele, "Tupo! Tupo! Karibu, na uende zako!"

Siku sita zikapita, ikawa hajapata hata shimo la kuzikia paka. Yule askari mkubwa akamwambia kwa huruma, "Vuai, pole ndugu yangu. Angalau umeona nchi."

"Nimeiona," akasema Vuai, "nayo imeniona. Yote imenicheka."

Siku ya saba wakafika Mkwajuni, penye shamba la minazi na mikarafuu ambalo mtu akianza kulivuka alfajiri, adhuhuri inamkuta katikati. Vuai akapiga hodi. Akatoka msimamizi, akasema, "Karibu!"

"Wewe ndiye mwenye shamba?"

"Mimi? Wewe mgeni nini? Hili ni la Sultani."

"Je, yupo, aniitikie?"

Msimamizi akacheka. "Nina miaka kumi na minane hapa, sijaona hata kivuli chake."

Vuai akapiga hodi ya pili. Askari mdogo akamshika mkono akasema, "Vuai, unajua unalolifanya?"

"Sijui, ndugu yangu. Ningelijua, ningekuwa nimekwisha kimbia." Akapiga ya tatu, akangoja, akachomeka bendera.

Alipofika barazani akasema, "Bwana wangu, ardhi nimeipata. Inawatosha mia nne na inabaki. Ni Mkwajuni."

Sultani akasimama ghafula. "Mkwajuni ni kwangu! Mimi nimekimbilia kwa adui?"

"Hata mimi sikukimbilia, bwana wangu."

"Nilikuwa hapa, nikiendesha vita!"

Vuai akamgeukia waziri, akasema kwa unyenyekevu, "Bwana waziri, yale uliyonifundisha juu ya udhuru yalikuwaje? Kichwa changu hiki hakishiki kitu." Waziri akatazama viatu vyake. "Na shamba lako, bwana waziri, lilikuwa linafuata, lakini jua lilinichwea. Nitalipigia hodi sasa hivi."

Waziri akatoka mbio, viatu akaviacha barazani.

Sultani akatazama uwanjani. Wale mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kuwasimulia wenzao, na askari mia nne wamesimama, na safari hii mikuki wameiokota. Akaitazama mikuki, akavitazama viatu vya waziri, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akasema, "Amri ni yangu, na hodi ni yangu. Wapeni Mkwajuni. Nawe Vuai, chukua shamba lako, na uombe zawadi."

"Zawadi yangu, bwana wangu, warudishie na majirani zangu mashamba yao."

"Kwa nini? Unawapenda hivyo?"

"Sina jembe, bwana wangu. Huazima kwao."

Basi yote yakarudishwa, na Vuai akaenda nyumbani, Mize akampa jembe la jirani kabla hajaketi. Mwezi uliofuata Sultani akapeleka wajumbe Mkwajuni kuwaita askari vitani. Wakawakuta wanapalilia. Askari wakawasikiliza vizuri, wakawapa madafu wakanywa, kisha wakajibu, "Mwambieni bwana wetu tunamheshimu sana. Lakini tukiondoka hapa, hodi ikipigwa, nani ataitikia?"

Sultani aliposikia hayo akawahesabu askari aliobaki nao, akakuta hana hata mmoja. Basi akaitisha kalamu, akamwandikia nduguye waraka wa suluhu.

Nami nimefika mwisho wa ninayoyajua. Mwenye zaidi na aongeze, kwa maana siku hiyo mimi sikuwapo.